Kuainisha vidudu vya damu si anasa ya wataalamu

Wapo watu, tena watu wazima wenye madaraka yao, ambao wakisikia kwamba mtaalamu fulani ameketi maabarani miezi kadhaa akitafuta jina la kidudu kilichomo katika damu ya kuku, mjusi au chura, hucheka. Huuliza: Je, jina hilo litawashibisha watoto? Litajenga barabara? Swali lao si la kupuuzwa, kwa maana fedha za umma ni chache na mahitaji ni mengi. Mtu aombaye sehemu ya fedha hizo hana budi kueleza ataitumia kwa faida gani.

Makala haya yanakusudia kujibu swali hilo. Twashika kwamba kazi ya kuainisha vidudu vya damu, yaani kukijua kila kidudu kwa ukoo wake na kukitenga na kile kisichokuwa jamaa yake, ni kazi ya msingi katika afya ya mifugo na ya wanyama wetu wa porini. Twashika vilevile kwamba Afrika, ambako mengi ya majina hayo yalizaliwa, haifai kuendelea kuwa mtoa damu tu, huku wengine wakiwa ndio wasomaji na watoa majina. Ili tusiseme hewani, tutachukua mfano mmoja wa kweli: kidudu kiitwacho Aegyptianella, na safari yake ndefu kutoka chembe za damu za kuku hadi vitabu vya sayansi.

DAMU NA NUKTA ZAKE

Kwanza ndugu msomaji na afahamu jambo moja kuhusu damu. Chembe nyekundu za damu ya binadamu, ya ng'ombe na ya mbuzi, zikikomaa hazina kiini. Lakini chembe nyekundu za ndege, za wanyama watambaao kama nyoka na mijusi, na za amfibia kama vyura, hubaki na kiini chake maisha yote. Mtaalamu hutandaza tone la damu juu ya kioo, huliacha likauke, hulitia rangi ya Giemsa, kisha hulitazama kwa hadubini. Kiini huonekana katikati ya chembe kama kokwa ndani ya tunda. Pembeni mwa kiini, katika chembe za mnyama mgonjwa na pengine hata za yule aonekanaye mzima, huonekana nukta: moja, mbili, au fungu zima, zenye rangi ya zambarau.

Nukta hizo ni nini? Hapo ndipo ugumu unapoanza. Huenda ikawa bakteria aliyeingia ndani ya chembe. Huenda ikawa protozoa, jamaa wa wale waletao malaria. Huenda ikawa alama ya virusi vinavyozaliana humo. Tena huenda isiwe kiumbe chochote, bali ni kipande kilichomeguka kutoka katika kiini, au ni uchafu wa rangi yenyewe. Vyote hivyo, chini ya hadubini ya kawaida, vyaweza kufanana kama pacha. Hadubini humwonyesha mtu umbo, haimwambii ukoo. Na mwenye kutoa jina kwa kutazama umbo peke yake ni sawa na mtu aliyewaona wawili wamevaa kanzu nyeupe, akasema ni ndugu wa tumbo moja.

KHARTOUM NA CAIRO

Hadithi ya kidudu chetu inaanzia katika bonde la mto Nile. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari Andrew Balfour aliongoza maabara ya utafiti mjini Khartoum. Aliwachunguza kuku waliokuwa wakiugua ugonjwa uletwao na bakteria wembamba waliojipinda kama kizibuo, ambao siku hizi huitwa Borrelia anserina. Ndani ya chembe nyekundu za kuku hao Balfour aliona chembechembe ndogo. Akakata shauri kwamba chembechembe hizo ni hatua nyingine ya maisha ya bakteria wale wale: baada ya kuogelea katika damu, hugeuka na kujificha ndani ya chembe. Ilikuwa dhana yenye mantiki, kwa kuwa vitu vyote viwili vilionekana katika kuku mmoja.

Lakini haikuwa kweli. Sababu ya viwili hivyo kukutana ni kwamba vyote huletwa na papasi wa kuku, aitwaye kitaalamu Argas persicus. Papasi huyo hujificha mchana katika nyufa za banda na chini ya magome ya miti, na usiku hutoka kufyonza damu. Aweza kumwambukiza kuku mmoja magonjwa mawili tofauti, kama mgeni mmoja awezavyo kuleta barua mbili kutoka kwa watu wasiojuana.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, mtaalamu wa Kiitaliano, Carpano, aliyekuwa akifanya kazi Misri, ndiye aliyeona kwamba vitu vilivyo ndani ya chembe za kuku vinajitegemea. Akavipa jina la Aegyptianella pullorum. Sehemu ya kwanza ya jina hilo inataja nchi ya Misri, na sehemu ya pili, kwa Kilatini, inataja vifaranga. Alifanya jambo kubwa kwa kuvitenga na bakteria wale wa kujipinda. Hata hivyo naye aliviweka katika jamii ya protozoa, karibu na vile viletavyo magonjwa ya kupe katika ng'ombe. Hivyo kidudu chetu kilipata jina sahihi la kukitofautisha, lakini kikapewa ukoo usiokuwa wake.

Hatusemi haya ili kuwadharau wazee hao. Walikuwa na hadubini, rangi, kioo na subira, na kwa vyombo hivyo walifika mbali. Twasema ili ionekane kwamba makosa ya uainishaji hayatokani na uzembe tu. Mara nyingi hutokana na uhaba wa vyombo, na huendelea kudumu pale ambapo hakuna anayerudi kuhakiki.

JINA LIKAWA GUNIA

Baada ya jina la Aegyptianella kupatikana, lilianza kutumika kama gunia. Kila aliyeona nukta ya namna hiyo katika chembe nyekundu za mnyama asiye mamalia, aliitupia humo. Mwaka 1947 Battelli aliandika juu ya Aegyptianella carpani katika damu ya swila, yule fira mwenye kutema sumu. Mwaka 1987 mtaalamu wa Kanada, Desser, alieleza Aegyptianella ranarum katika vyura wa jimbo la Ontario. Mwaka 1989 Desser na mwenzake Barta walichunguza vyura wa kisiwa cha Corsica, wakaingiza katika gunia hilo hilo kiumbe ambacho Labbé alikuwa amekiita Cytamoeba bacterifera tangu mwaka 1894. Labbé alidhani ameona amiba aliyemeza bakteria. Kumbe amiba hakuwapo. Walikuwapo bakteria tu, wamekusanyika katika kifuko ndani ya chembe ya damu.

Kwa mijusi mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 1914 Chatton na Blanc waliona vitu katika chembe nyekundu za mjusi kafiri wa Tunisia, wakavipa jina la Pirhemocyton, wakiamini ni protozoa. Kwa zaidi ya miaka 50 vitabu vilivitaja hivyo. Mwaka 1966 Stehbens na Johnston walivitazama kwa hadubini ya elektroni, ambayo hukuza vitu mara nyingi zaidi kuliko hadubini ya mwanga, wakakuta si protozoa wala si bakteria: ni virusi. Nusu karne nzima wanafunzi walifundishwa juu ya mnyama asiyekuwapo.

Tuweke basi mezani hesabu yetu. Nukta katika damu ya kuku, nukta katika damu ya chura, nukta katika damu ya mjusi. Kwa macho ni nukta tatu za jamii moja. Kwa kweli, kama tutakavyoona, ni viumbe vya koo tatu zisizohusiana.

JENI ZIKATOA USHAHIDI

Mabadiliko makubwa yalianza na hadubini ya elektroni. Katika miaka ya 1960 wataalamu, akiwamo Gothe wa Ujerumani aliyeandika mwaka 1967 juu ya mahali panapostahili kuwekwa kidudu cha kuku, waliona kwamba kidudu hicho hakina kiini cha kweli, kama walivyo nacho protozoa wote. Basi kilikuwa bakteria, na kikahamishiwa katika jamaa ya Anaplasma.

Jina hilo la Anaplasma si geni kwa wafugaji wetu, ijapokuwa huenda hawajalisikia kwa Kilatini. Ndicho kidudu kiletacho ndigana baridi ya ng'ombe. Arnold Theiler alikieleza Afrika Kusini mwaka 1910, naye pia akadhani ni protozoa. Kwa hiyo kidudu cha kuku na kidudu cha ng'ombe vilipotea njia pamoja, na vikarudi nyumbani pamoja.

Baadaye ukaja ujuzi wa kusoma jeni. Kila kiumbe hubeba maandishi ya urithi wake, na maandishi hayo yaweza kusomwa herufi kwa herufi na kulinganishwa na ya viumbe vingine. Mwaka 2001 kundi la wataalamu, Dumler na wenzake, lilitumia maandishi hayo kuzipanga upya jamaa za bakteria waishio ndani ya chembe. Majina mengi ya zamani yalihamishwa. Kidudu cha ugonjwa wa maji moyo, kilichokuwa kikiitwa Cowdria, kikawa Ehrlichia. Vidudu vingine viwili vya damu, Haemobartonella na Eperythrozoon, vikatolewa kabisa katika jamaa hiyo na kupelekwa kwa Mycoplasma. Lakini Aegyptianella ilibaki mlangoni, kwa sababu maandishi yake ya urithi yalikuwa hayajasomwa.

Mwaka 2003 Rikihisa, Zhang na Christensen, huko Marekani, walitangaza kwamba wameyasoma maandishi ya Aegyptianella pullorum. Yalionyesha kwamba kidudu hicho ni jamaa wa karibu sana wa Anaplasma. Wazee wa miaka ya 1960 walikuwa wamekisia sawasawa. Lakini mwaka uliofuata, 2004, Zhang na Rikihisa walisoma maandishi ya kile cha vyura wa Kanada, Aegyptianella ranarum, na matokeo yakawa mengine kabisa. Kidudu cha vyura si Anaplasma, wala si jamaa ya Anaplasma. Ni cha jamaa ya Flavobacteriaceae, iliyo mbali mno katika mti wa bakteria. Kuviweka viwili hivyo chini ya jina moja kulikuwa sawa na kumweka konokono na samaki katika ukoo mmoja kwa sababu wote huishi majini. Wataalamu hao wakapendekeza kukiita Candidatus Hemobacterium ranarum.

FAIDA KWA MFUGAJI

Sasa turudi kwa yule aliyeuliza kama jina litawashibisha watoto. Na tuanze na banda la kuku, kwa kuwa kuku ndiye benki ya mama wa kijijini: huuzwa siku ya ada ya shule, huchinjwa siku ya mgeni, na mayai yake ni kitoweo cha mtoto.

Katika vijiji vyetu, kuku wakianza kufa, jambo la kwanza kutajwa ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Mara nyingi ni kweli. Lakini si kila kuku anayejikunyata, anayesimamisha manyoya, anayeharisha na kukosa hamu ya kula ana kideri. Ugonjwa wa bakteria wa kujipinda huleta dalili kama hizo. Ugonjwa wa Aegyptianella nao huleta dalili kama hizo, pamoja na upungufu wa damu, hata undu na ngozi hupauka. Magonjwa matatu, uso mmoja.

Dawa zake, hata hivyo, si moja. Kideri ni cha virusi; hakina dawa ya kukiponya, kinga yake ni chanjo. Bakteria wa kujipinda huuawa na penisilini. Aegyptianella hutibiwa kwa dawa za kundi la tetrasaiklini. Mfugaji anayechanja dhidi ya kideri huku banda lake limejaa papasi atashangaa kuona kuku wanaendelea kufa, kisha atasema chanjo ni ya uongo, na mwaka unaofuata hatachanja. Anayenunua dawa isiyo yake atapoteza fedha na kuku pia, na zaidi ya hayo atakuwa amewafundisha bakteria wengine kuizoea dawa. Kuzoea dawa huko kwa bakteria ni hatari inayotisha dunia nzima hivi leo.

Angalia tena jambo la mbegu. Kuku wa kienyeji waliozaliwa mahali penye papasi mara nyingi huubeba ugonjwa huu bila kuonyesha dalili kubwa. Walikwisha kupambana nao tangu wakiwa vifaranga. Kuku wa kigeni walioletwa kwa ajili ya mayai mengi au nyama nyingi, wakiingizwa katika banda hilo hilo, huugua vibaya na hufa. Mradi wa ushirika waweza kuanguka hivyo, na lawama ikawaangukia wanaushirika kwamba hawakutunza vizuri. Lau banda lingalizibwa nyufa, likapigwa dawa ya kuua papasi, na damu ya kuku wa jirani ikapimwa kabla ya kuleta wageni, hasara ingaliepukwa. Papasi huyo aweza kukaa zaidi ya mwaka mmoja bila kula. Banda kuachwa tupu kwa miezi michache hakumwui.

Mfugaji wa ng'ombe haitaji kuelezwa sana. Yeye anajua kwamba ndigana kali na ndigana baridi, ingawa zote huletwa na kupe na zote zina jina la ndigana, si ugonjwa mmoja. Ndigana kali huletwa na protozoa aitwaye Theileria parva. Ndigana baridi huletwa na bakteria aitwaye Anaplasma. Dawa ya hii haiponyi ile. Tofauti hiyo, inayookoa ng'ombe wetu kila mwaka, ni tunda la watu waliokaa wakiainisha vidudu. Tunachodai ni kwamba kuku naye apate haki hiyo.

VIPI CHURA NA MJUSI?

Atasema mwingine: Sawa, kuku tumekubali. Lakini chura na mjusi wana faida gani?

Faida ya kwanza ni ya kinyume: wanatulinda tusipotee. Tukiamini kwamba kidudu cha chura ni ndugu wa kidudu cha kuku, tutamtafuta kupe au papasi amwambukizaye chura, na tutapoteza miaka. Tukijua kwamba ni wa ukoo mwingine, tutauliza maswali mengine.

Faida ya pili ni hifadhi. Afrika Mashariki ina mfano wake wenye uchungu. Yule chura mdogo wa maporomoko ya Kihansi nchini Tanzania, Nectophrynoides asperginis, alitangazwa kwa sayansi mwaka 1999.  Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, baada ya maji ya maporomoko kupungua kwa ajili ya umeme na baada ya ugonjwa wa kuvu kuonekana miongoni mwao. Walisalia wale waliopelekwa Marekani kuzalishwa, na mwaka 2010 baadhi yao walirudishwa Tanzania. Kila mara mnyama anapohamishwa hivyo, kwenda au kurudi, hubeba vilivyomo katika damu yake. Nani atakayesema kwa uhakika kipi ni mwenyeji na kipi ni mgeni, ikiwa orodha ya vidudu vya wenyeji haijaandikwa?

Tena wanyama wa porini huweza kuwa ghala la magonjwa ya mifugo. Mwaka 1985 Castle na Christensen waliripoti Aegyptianella pullorum katika bata mzinga wa mwituni huko Texas, Marekani. Kidudu chenye jina la Misri kilikuwa kimepiga kambi katika ndege wa msitu wa Marekani. Na mwaka 2018 wataalamu walieleza kidudu kipya cha jamaa ya Anaplasma katika pengwini wa Afrika, ndege wa pwani za kusini mwa bara letu ambaye idadi yake inazidi kupungua. Walikitambua kwa hadubini na kwa jeni kwa pamoja. Hiyo ndiyo njia tunayoisifu.

HOJA ZA WAPINZANI

Zipo hoja tatu zinazotolewa dhidi ya kazi hii. Ya kwanza ni gharama. Ni kweli kwamba mashine za kusoma jeni si bei ya jembe. Lakini si lazima kila wilaya iwe na mashine. Wilaya inahitaji hadubini nzima, rangi isiyoharibika, na mtumishi aliyefunzwa kutandaza damu vizuri. Sampuli zenye mashaka zipelekwe kwenye maabara moja au mbili za taifa, au za jumuiya ya nchi jirani. Nchi nyingi haziwezi kila moja kununua kila kitu, lakini zinaweza kushirikiana.

Hoja ya pili ni kwamba majina yanabadilika mno. Leo Cowdria, kesho Ehrlichia. Mkulima na daktari wake watashika lipi? Hoja hii ina uzito. Kubadili majina kila msimu kwa kutafuta sifa ni kosa. Hata hivyo jina likionyeshwa kuwa la uongo, kulishikilia kwa sababu ni la zamani ni kosa kubwa zaidi. Jina la mfugaji, kama ndigana au kideri, na libaki. Kitabu cha daktari ndicho kifuate ukweli.

Hoja ya tatu hutoka kwa wapenzi wa mashine mpya, wasemao kwamba hadubini imepitwa na wakati. La hasha. Jeni zaweza kuonyesha kwamba kidudu kimepita katika damu, lakini ni hadubini inayoonyesha kwamba kimo ndani ya chembe nyekundu, na ni kwa wingi gani. Aliye na jeni bila kioo ni kama aliye na jina la mtu bila kumjua kwa sura. Vyombo viwili hivi ni mke na mume. Wakitengana, nyumba haikai.

TUFANYE NINI?

Kwa maoni yetu, kidudu cha kuku na kitambuliwe wazi kuwa wa nyumba ya Anaplasma. Kama itakuja kuonekana kwamba hakistahili hata jina la jenasi la peke yake, basi na kiingie kwa Anaplasma, ambalo ni jina lililotangulia tangu 1910. Heshima ya Misri haitapungua kwa hilo. Lakini uamuzi huo usitegemee sampuli chache tu. Na usomwe urithi wa vidudu vya kuku kutoka Misri, Sudan, Afrika Mashariki na kusini mwa bara, ndipo neno la mwisho litamkwe. Vidudu vya vyura vitolewe katika gunia hilo. Vile vya swila, vya kobe na vya mijusi viwekwe kando kwa mashaka hadi visomwe. Tena asitokee mtu wa kutangaza spishi mpya ya Aegyptianella kwa kutazama nukta peke yake. Wakati wa kufanya hivyo umekwisha.

Kwa upande wa nchi zetu, jambo la kwanza ni kutunza. Vioo vya damu vilivyotandazwa na watumishi wa mifugo kwa miaka mingi visitupwe pindi ripoti inapoandikwa. Viwekewe alama ya mahali, tarehe na mnyama, vihifadhiwe, na tone la damu litunzwe katika baridi au katika karatasi maalumu. Kioo kisicho na tarehe ni kama kaburi lisilo na jina.

Jambo la pili ni kusoma wenyewe. Si ndoto. Mwaka 2005 maandishi kamili ya urithi wa Theileria parva, kile kidudu cha ndigana kali, yalitangazwa kwa kazi ya pamoja ya wataalamu wa Marekani na wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo iliyoko Nairobi. Yaliyowezekana kwa ng'ombe yanawezekana kwa kuku. Vyuo vikuu vyetu vinavyofundisha tiba ya mifugo, kama Makerere na Sokoine, viwape wanafunzi wao vidudu hivi kuwa mada za utafiti, badala ya kurudia yaliyokwisha kuandikwa kwingine.

Jambo la tatu ni haki. Zamani damu ya wanyama wetu ilisafiri ughaibuni na haikurudi hata kwa njia ya barua. Mkataba wa Nagoya, uliopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, unataka faida za mali ya urithi wa viumbe zigawanywe kwa haki. Nchi isiyojua ilicho nacho itagawana nini? Tena kanuni za kutoa majina zinabadilika. Kwa desturi, bakteria hapati jina kamili mpaka aoteshwe na mbegu zake hai ziwekwe katika hifadhi za nchi mbili. Ndiyo maana vidudu vya damu visivyooteka hubaki na neno Candidatus, yaani mgombea. Lakini tangu mwaka 2022 upo utaratibu mwingine, unaokubali maandishi ya jeni kuwa kielelezo cha jina. Mlango huo uko wazi kwa maabara yoyote yenye sampuli nzuri na watu wenye ujuzi. Sampuli tunazo. Watu tunaweza kuwafunza.

Usilolijua, walisema wahenga, ni kama usiku wa giza. Katika giza hilo wataalamu wakubwa walimwita virusi mnyama, na wakaita mgeni ndugu. Na mama wa kijijini aliendelea kuzika kuku wake huku akilaumu kideri peke yake. Serikali zinapopanga fedha za mifugo na za hifadhi, zikumbuke kuweka fungu la kutambua, lisiwe tu fungu la kutibu. Mganga asiyejua ugonjwa hupiga ramli. Nasi hatuwezi kuendelea kuwatibu wanyama wetu kwa ramli.